Galoni ya Asali ya Shangazi

Mara ya kwanza tulipokwenda kuposa tulikwama kwenye tope la masika, na wazee wa Majimoto wakatungoja siku nzima bure. Wakatuma ujumbe: tukichelewa tena, tusipofika kabla ya adhuhuri, binti yao hatumpati. Mdogo wangu wa kiume, bwana harusi mtarajiwa, alikonda kwa mawazo. Kwa hiyo nilipowasha van yangu pale Ilembo asubuhi ile, nilijua nimebeba ndoa ya mtu.

Baba mdogo, mshenga wetu, aliponiona nashika usukani alisema, "Bora tungekodi gari lenye dereva." Miaka yote naendesha barabara hizi, na bado kwake mimi, kwa kuwa mwanamke, si dereva! Nilinuna, nikakanyaga mafuta.

Shangazi alikaa kiti cha nyuma, galoni ya asali ya msituni katikati ya miguu. Sisi Wakonongo hatuendi ukweni bila asali, na hiyo alikuwa ameiweka tangu mavuno, hakuruhusu hata ionjwe.

Ndani ya Hifadhi ya Katavi tulifunga vioo vyote kuzuia mbung'o wasiingie kutuuma. Hapo harufu tamu ikaanza kutujaa puani.

"Asali inavuja!" baba mdogo alifoka.

Shangazi alishika zulia, majimaji yakamchuruzika mkononi. Akaanza kulia. Nami, nisiwafiche, nilimgombeza kuliko wote, eti hakukaza kifuniko. Wakaigeuza galoni, wakaifunga kwa khanga mbili. Zulia likazidi kulowa. Kioo cha mbele kilijaa ukungu. Nikaufuta kwa kiganja na kuendelea kugomba.

Tulipotoka hifadhini mshale wa joto la injini ulianza kupanda. Nikasimamisha gari, nikageuka nyuma. Shangazi alikuwa amechovya kidole kwenye zulia, anakipeleka mdomoni.

"Usilambe!" Niliruka viti, nikamdaka mkono. Kidole kilikuwa cha kijani.

Haikuwa asali. Yalikuwa maji ya rejeta, yaliyotiwa ile dawa ya kijani inayonukia utamu, kumbe ni sumu. Van hii ilikuja kutoka nchi ya baridi, na chini ya kiti cha nyuma ina hita ya kupashia abiria joto. Joto, Katavi! Sijawahi kuiwasha hata siku moja, ila maji ya injini yalikuwa yanapita humo siku zote, na sasa hita ilikuwa imetoboka.

"Tumekwisha," alisema baba mdogo. "Nyie subirini hapa, mimi natafuta pikipiki."

"Kaa, baba mdogo."

Nilisema hivyo, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Injini ilipopoa nikang'oa kiti, nikalala kifudifudi kwenye lile zulia bichi na gauni langu la ukweni. Sakafuni yanatokea mabomba mawili ya chuma, kila moja na mpira wake unaoingia kwenye hita. Nikalegeza klipu kwa bisibisi, nikachomoa mipira yote miwili. Kisha nikachukua mmoja, nikaunganisha bomba kwa bomba, nikakaza. Maji yaende na kurudi, hita ibaki yatima. Nikajaza rejeta kwa maji yetu yote ya kunywa.

Nikawasha. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukatulia hapo. Nilipiga kelele za furaha, peke yangu, katikati ya barabara. Halafu nikamwomba shangazi msamaha, akanifuta uso kwa khanga.

Majimoto tulikuta wazee wameshaanza kusimama, jua bado halijafika utosini. Walikaa tena. Shangazi akaweka galoni mkekani, imejaa mpaka shingoni. Mimi nilibaki mlangoni na gauni langu lenye madoa.

"Tuanze," akasema mzee wa nyumba.

"Bado," alisema baba mdogo. Alisimama, akanisogezea kiti chake. "Dereva wetu hajakaa."

Nikakaa, mikono ya kijani mapajani. Ndipo akaanza kuposa.