Hodi ya Tatu

Ukimuuliza Kache Gona wa Bofu kazi yake ni nini, atakwambia "natengeneza kompyuta" na ataishia hapo, maana amekwisha kuona watu wakisinzia akiendelea. Mchana ameajiriwa na ofisi moja ya mizigo kule Changamwe, akitunza mitambo yao isilale. Lakini kazi iliyomkaa moyoni ni nyingine kabisa, na hiyo hajawahi kulipwa hata ndururu.

Ilianza kwa shangazi yake, Dorcas, anayeuza madera mtandaoni. Mteja huona picha, hulipa kwa simu, kisha nguo humfikia. Siku moja kijana mmoja mtanashati alikuja kujichukulia mwenyewe, akamwonyesha Dorcas ujumbe wa malipo, akaondoka na furushi zima. Ujumbe ulikuwa wa kughushi. Dorcas hakulia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akasema, "Nimesoma kwa macho yangu, mwanangu. Kumbe na macho hudanganywa." Aliyelia ni Kache.

Kosa halikuwa la Dorcas, na hilo ndilo lililomchoma. Kila kampuni ya pesa ilikuwa na namna yake ya kuthibitisha malipo, na zote zilimwachia muuzaji asome ujumbe, aamini, ajue mwenyewe. Kache akataka utaratibu mmoja, ulioandikwa waziwazi, ambao kampuni yoyote na fundi yeyote wa uchochoroni angeufuata bila kuomba ruhusa ya mtu: simu ya muuzaji isimwamini mteja wala ujumbe wake, imuulize moja kwa moja anayezishika hizo pesa.

Namna ya kuuliza aliitoa kwa marehemu nyanya yake wa Mwakirunge. Mgeni hupiga hodi, akajitaja ni nani, akangoja nje mpaka aitikiwe. Hodi tatu zikipita kimya, huenda zake, hata kama anasikia sufuria zikigongana ndani. Basi na simu ifanye vivyo hivyo: ipige hodi benki, ijitaje, na benki yenyewe iitikie. Ikipiga mara tatu bila jibu, biashara imekufa na dera linabaki kwenye kamba.

Utaratibu huo Kache na mafundi wenzake waliuandika kwa mweria, vile kwao wanavyolimiana mashamba: watu huja na majembe yao, hulima kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba hupika. Jumamosi mafundi walikusanyika katika ukumbi wa kanisa Kisauni, Dorcas akaleta mahamri na mbaazi, na kila kifungu kikapigiwa kelele mpaka kikanyooka. Alikuwepo Wafula, mtu wa bara, ambaye hushuku hata kivuli chake. Alikuwepo Kadenge, aliyekua na Kache mlango kwa mlango, wakaimba pamoja kwaya tangu meno ya utoto.

"Dada Kache, tuweke jina na masharti hapo juu," Wafula alisema siku moja. "Hii kitu ikikaa bila mwenyewe, kuna msee ataidandia."

Kache akacheka. "Mweria hauandikwi jina, Wafula. Ushaona wapi mtu akaandika jina lake kwenye shamba alilosaidia kulima?"

Kadenge alicheka kuwashinda wote.

Kadenge ndiye waliyemtuma Nairobi kuwaeleza wakubwa wa kampuni za pesa, kwa kuwa Mungu alimpa ulimi na suti ilimkaa. Mwanzoni alikuwa akirudi na habari. Baadaye alikuwa akirudi na haraka. Mwishowe hakurudi, na simu ya Kache ikawa inaita mpaka inachoka.

Halafu asubuhi moja simu ya Dorcas, iliyokuwa imeshazoea kupiga hodi, ikakataa kuuliza benki. Ikamtaka kwanza ajiunge na kampuni fulani, alipie kila mwezi, ndipo hodi yake ifikishwe. Kache akausoma utaratibu mpya uliotangazwa na kampuni zote kubwa. Kila neno lilikuwa lao la pale ukumbini, isipokuwa kifungu kimoja kilichopenyezwa katikati: hodi zote zipitie kwa kampuni hiyo moja. Kilichokuwa wazi kwa wote kilikuwa kimetiwa komeo, na ufunguo alikuwa nao Kadenge, mkurugenzi wa kampuni hiyo.

Hayo pengine angeyameza. Lakini jioni ile Kadenge alitokea kwenye runinga, akaulizwa fikra hiyo aliipata wapi. "Nilimkumbuka nyanya yangu wa Mwakirunge," akasema, akitabasamu.

Nyanya yake Kadenge alizikwa kabla Kadenge hajazaliwa. Kache aliizima runinga. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini huyu alikuwa amekula mpaka nyanya wa watu! Alihisi hasira, na chini ya hasira aibu, kwa sababu ni yeye aliyelikataza jina. Alipokwenda kulalamika kwa zile kampuni kubwa, waliuliza hati ya kuonyesha utaratibu ni wake iko wapi. Wafula, Mungu ambariki, hakusema "nilikwambia." Alisema tu, "Tutaandika mwingine," na hawakujua nani angewasikiliza.

Jumapili moja, baada ya ibada, Kache alikuwa kwa Dorcas, maharagwe yakichemka motoni, mlango umerudishwa nusu.

"Hodi wenyewe!"

Sauti ile wote wawili waliijua. Tangu utotoni Kadenge hakuwahi kungoja kuitikiwa nyumba hii. Alikuwa akipiga hodi akiwa ameshafika kwenye sufuria. Leo alisimama nje.

Dorcas alifungua kinywa. Kache akamwekea mkono gotini.

"Kache, mtu haachwi mlangoni," Dorcas akanong'ona. "Ni vibaya."

"Hodi! Kache, ni mimi, Kadenge. Najua u ndani. Kuna mambo yametushinda kule, hakuna anayeyaelewa kama wewe. Njoo uwe mkuu wa mafundi. Tuyamalize kama ndugu."

Ulimi wa Kache ulikwisha kuinuka wenyewe kusema karibu, ndivyo ulivyolelewa. Akauuma. Machozi yalimtoka kwa ajili ya yule mvulana wa kwaya, si kwa huyu wa suti. Akijibu tu, basi komeo lile atalikaza kwa mikono yake mwenyewe.

"Hodi," Kadenge akasema mara ya tatu, polepole. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikicheza juu ya moto, na bila shaka alikisikia.

Kisha viatu vyake vikasikika vikikanyaga kokoto, vikaenda.

"Ameondoka," Dorcas akasema.

Kache alijifuta macho kwa upindo wa leso. "Ndivyo tulivyoandika, shangazi."