Wingu la Onésime

Kabla hajawa mpiga picha, Onésime Lecointre alikuwa mchoraji, tena mchoraji mbovu. Mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. "Ng'ombe wangu," aliwaambia watu, "wanunuzi waliwadhania meza." Kamera ilipofika kwetu Rouen, Ufaransa, aliikimbilia kama mgonjwa aliyesikia habari za dawa, maana sasa ng'ombe angejichora mwenyewe.

Jambo moja tu lilimkera. Kila mwaka kwenye maonyesho ya mji, picha zake zilitundikwa chumba cha mashine, kati ya pampu na cherehani. Yeye alitaka ukumbi wa sanaa, pamoja na wachoraji waliokuwa wakimcheka.

Shida nyingine ilikuwa mbingu. Siku zile picha zilinaswa kwenye vioo vilivyopakwa dawa, na vioo hivyo viliungua kwa mwanga wa angani. Ardhi ikitokea vizuri, juu kunakuwa kweupe pe. Basi akapiga mawingu peke yao, kwenye vioo vyao. Moja tu ndilo lililotoka zuri, nono, lenye kidevu. Akalichapa kwenye picha ya kanisa, kwenye ya bandari, kwenye ya mashamba ya matufaha, akajiona fundi kwelikweli.

Siku ya ukaguzi wa picha za maonyesho akaingia Mama Hortense, muuza samaki wa mtaani kwake.

"We Onésime, hebu njoo! Hili wingu unalilipa mshahara?"

"Wingu lipi, mama?"

"Hili lenye kidevu! Liko kanisani, liko bandarini, na huku kwenye matufaha limelala chali. Maskini, si litakufa kwa uchovu!"

Watu wakaangua kicheko. Onésime alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini kwa kuwa haikupasuka, akacheka nao. "Mengine yaligoma, mama. Hili tu ndilo lililokubali kufanya kazi na mtu kama mimi."

Bwana Fauvel, mkuu wa wakaguzi, hakucheka. Yeye ndiye aliyemkatalia miaka yote, akisema mashine haiwezi kubuni kitu.

"Kwa hiyo siku ile bandarini hapakuwa na wingu?"

"Hata la kufutia jasho, bwana. Nimedanganya."

"Umebuni," akasema Fauvel. "Basi wewe ni msanii. Zipelekeni ukumbini."

Onésime nusura alie kwa furaha. Lakini Mama Hortense alikuwa amekunja uso. "Na ile picha uliyopiga mtaa wetu ulipofurika? Mimi mlangoni, maji magotini, na paka wangu katoka vichwa viwili kwa kutotulia mbele ya kamera?"

"Ile haina wingu," alisema Fauvel. "Ibaki na pampu."

"Haya, twendeni kwenye pampu!" Mama Hortense akaondoka, na watu wakamfuata, kila mmoja akitaka kuona mlango wake. Huko wakapiga kelele, wakasukumana, wakaoneshana nani alizama hadi wapi, na mjane mmoja akalia alipomwona marehemu mumewe pichani, kasimama dirishani.

Onésime alisimama ukumbini peke yake, mahali alipopaota maisha yake yote, akisikiliza kelele zao. Alimwonea wivu, tena wivu mchungu, yule mpiga picha wa chumba cha mashine, ambaye alikuwa yeye mwenyewe.