Doa la Mstari wa Tatu

Usiku ule mama mtu hakupata lepe la usingizi. Alikaa ukingoni mwa kitanda na tochi ya simu, akiutazama mgongo wa binti yake. Vibandiko vya kupimia mzio vilibanduliwa juzi. Zilibaki alama za kalamu, safu kwa safu, na katika mstari wa tatu doa moja lilikuwa limevimba. Mahali pa jibu alipaona. Jina lake alilijua daktari peke yake.

"Mama, zima taa. Mgongo wangu si gazeti."

"Lala wewe. Naangalia tu."

Binti alikuwa msusi. Saluni walimwita Sindano kwa wepesi wa vidole vyake. Huu ulikuwa mwezi wa nne vidole hivyo vinapasuka hadi damu, na mwenye saluni alishasema: kama ni rangi ya nywele inayomdhuru, akatafute kazi nyingine. Mama aliomba doa lile liwe chochote, lisiwe rangi.

Asubuhi daktari wa ngozi alilibonyeza, akatazama karatasi yake.

"Rangi ya nywele haina kosa. Hiki ni kihifadhi. Hutiwa kwenye vitu vya majimaji visiharibike: shampuu, sabuni, losheni."

"Na kazi yangu?" binti aliuliza.

"Utaendelea nayo. Badilisha shampuu, vaa glavu, soma maandishi ya kila chupa. Nyumbani unapaka nini?"

Mama akafungua mkoba haraka, kama mwanafunzi anayejua jibu. Losheni ya watoto wachanga, chupa ya tano hiyo. Kila jioni alimpaka binti kidole kimoja kimoja, na kadiri vilivyozidi kupasuka ndivyo alivyozidisha.

Daktari aliigeuza chupa, akaweka ukucha chini ya neno moja refu. "Hiki hapa."

Njia nzima mama alijieleza. Chupa ina picha ya mtoto. Muuzaji alisema ni laini. Nani angedhani?

"Nimesikia, mama," binti alisema tu. Walipofika akaingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo.

Jioni, saa ileile ya losheni, mama alinawa kwa kipande cha sabuni mpaka viwikoni, akanawa tena, na tena. Akachukua kopo la mafuta mgando waliyoelekezwa na daktari, akaenda kusimama mlangoni. Hakubisha. Alikohoa kidogo tu.

"Umenawa?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Mara tatu."

"Maandishi umesoma?"

"Yote. Kilichomo ni kitu kimoja tu, hata mimi nimemaliza."

Mama akahamisha kopo mkono huu na huu. Kisha komeo likalia, mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita, na mkono ukatoka, vidole vimetanuliwa.

"Paka taratibu," binti alisema. "Na usinitolee hotuba."