Njia Tatu za Kushuka Mtoni

Mwaka ule nilichoka mpaka kope zikawa zinauma. Ninafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Tunduma, na ukitaka kujua uchovu ni nini, kaa dirishani kwetu wakati foleni ya malori imekuwa ndefu hadi unadhani inaanzia baharini, na kila dereva ana hakika kwamba wewe peke yako ndiye uliyeufunga mpaka. Nilikuwa nalala nimesimama kama punda. Siku moja niligonga muhuri kwenye andazi. Mama watoto akaliangalia lile andazi, akasema, "Baba, chukua siku mbili uende zako, kabla hujatugonga na sisi."

Kaka yangu alikuwa amechoka kunizidi, ila uchovu wake ulikuwa umekaa mahali pamoja: goti la kushoto. Ameendesha malori kati ya Dar es Salaam na Lusaka miaka mingi hivi kwamba mimi husema klachi ndiyo iliyomlea. Daktari alimwambia aache usukani, akauacha. Sasa alikuwa na mambo mawili mbele yake. La kwanza, shamba la kahawa alilotuachia marehemu baba kule Iyula. Baba mdogo ndiye aliyekuwa akilitunza, na alitaka jibu: mnarudi kulima, au alichukue moja kwa moja? La pili, kiti cha plastiki dukani kwa shemeji, hapa mjini, auze sukari na vocha mpaka azeeke.

Alilitaka shamba. Hakusema kwa maneno mengi, lakini nilimwona akichonga mpini wa jembe kwenye baraza ya nyumba ya kupanga, mahali ambapo hata bamia haiwezi kuota.

"Tutashuka mtoni na mizigo mgongoni," akaniambia. "Tuvue kama zamani, tulale, asubuhi tupande. Nikifika juu kwa miguu yangu, nahamia Iyula. Nisipofika, baba mdogo achukue."

"Kaka, goti si hakimu."

"Hili ni hakimu. Tena rushwa halili."

Tukapanga Ijumaa na Jumamosi, kwa sababu Jumapili huwa anaimba besi kwenye kwaya. Mvua zilikuwa zimekwisha, nyasi zimeanza kugeuka rangi, na baridi ya milimani imeshuka. Majira mazuri ya kutembea, tulidhani.

Hapo ndipo ulipoanza mjadala wa njia. Kutoka shambani kwetu kwenda mtoni kuna msitu wa miombo, na msitu ule una njia tatu. Ya kwanza inapita juu ya mgongo wa kilima, inazunguka kwenye mikaratusi, kisha inateremka taratibu hadi kwenye kilindi tulichovua tukiwa wadogo. Ni ndefu, lakini mpole, baba aliipenda. Ya pili ni ya ng'ombe, na ng'ombe hawana haraka ya kufika popote. Ya tatu niliiona kwenye simu, katika picha zile zinazopigwa kutoka angani: mstari mweupe, mpana, umenyooka kupita katikati ya msitu kama umepigwa rula.

Sasa lazima niseme jambo. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na miaka thelathini na sita, na somo nililong'ara nalo ni jiografia. Katika usomaji wa ramani nilipata alama ambazo mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena kuzihakiki. Basi tangu siku ile mtu akinionyesha ramani nakuwa kama waziri.

"Hii," nikasema, nikiweka kidole kwenye mstari mweupe. "Njia pana maana yake inatumika. Inayotumika ndiyo nzuri. Tena ni nusu ya umbali."

Kaka akaitazama simu muda mrefu. "Hii siikumbuki. Tulipokuwa wadogo haikuwepo."

"Maendeleo, kaka."

"Mimi ningepita mgongoni." Kisha akanirudishia simu. "Haya. Wewe ndiye msomi."

Mpaka leo sentensi hiyo inaniuma kuliko angenitukana.

Tulianza kutoka shambani jua likiwa limekwisha kukausha umande. Turubai, sufuria, unga, mishipi na kopo la nyungunyungu tuligawana sawa kwa sawa. Nilitaka kuingiza sufuria kwenye begi langu kimyakimya, akanikamata. "Weka huku. Nikiwa shamba utakuja kutoka Tunduma kunibebea?"

Saa ya kwanza nilijisifu mpaka ndege wakahama miti. Njia ilikuwa pana kweli, udongo umeshindiliwa na miguu, hakuna mwiba. Kisha kilima kikakatika. Njia haikuzunguka wala haikujipinda. Ilishuka tu, kama mtu aliyeichora alikuwa amekasirika. Mimi mwenyewe vidole vya miguu vilijikusanya mbele ya kiatu vikaanza kusukumana. Kaka akakata fimbo. Akawa anashuka ubavu, mguu mzima kwanza, ule mbovu baadaye. Alipumzika kwenye kisiki, akapumzika kwenye jiwe, na mwishowe akawa anapumzika popote. Hakulalamika. Nilisikia tu pumzi ikipita katikati ya meno yake.

"Tugeuke?" nikauliza.

"Kugeuka ni kupanda. Twende."

Nusu ya mteremko tulianza kukutana na akina mama wakipanda, ndoo tupu mikononi, wengine wakitupita kushuka na madebe yaliyojaa kichwani, wepesi kama wanakwenda harusini. Kukawa na harufu ya uchachu, kama togwa lililosahaulika. Niliijua harufu ile tangu tumboni mwa mama yangu, na bado akili haikunijia.

Ikanijia tulipofika chini. Mbele yetu ulikuwapo mtambo wa kumenya kahawa, sipiyu kama wakulima wanavyouita, unanguruma, watu wamepanga foleni na kahawa mbivu nyekundu. Maji yenye makapi yalikuwa yakitoka mtamboni yakishuka kwenye mfereji hadi mtoni, na mto kuanzia pale ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa.

Mama mmoja, ameketi juu ya debe lake, aliangalia fito zetu za mishipi.

"Baba, mnakwenda wapi na fito hizo?"

"Kuvua," nikasema.

"Mwe. Kuvua, msimu wa kahawa?" Akawageukia wenzake. "Hawa ni wa wapi?"

Kaka akataja ukoo wetu na mahali shamba lilipo. Kicheko kilichotoka pale nadhani walikisikia Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Watoto wa mkulima wa kahawa, waliolelewa kwa kahawa, wakasomeshwa kwa kahawa, wamekuja kutafuta samaki chini ya sipiyu wakati wa mavuno.

"Samaki wamekwenda likizo," mama yule akasema. "Wanarudi makapi yakiisha. Kilindi chenu kipo juu, maji safi, lakini huko watu hupita mgongoni."

"Nilisema," kaka akasema, polepole, bila kunitazama.

Njia ile pana, kumbe, waliikata wakulima wa upande wetu baada ya mtambo kujengwa. Haikuwa njia ya mtoni. Ilikuwa ya kahawa.

Tukajikokota kandokando ya mto kuelekea juu mpaka tukavuka mahali mtambo unapochota maji, tukatandika turubai hapohapo kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hatua nyingine. Kaka alitupa ndoano akiwa amekaa, mguu ameunyoosha mbele kama kitu cha kuazima. Tulipata samaki wawili. Nikisimulia Tunduma huwa ni kambale wa kutisha, lakini hapa niseme ukweli, walikuwa wa urefu wa kidole. Tulikula ugali na chumvi.

Asubuhi goti lilikuwa limevimba. Suruali haikupita. Akasimama, akashika fimbo, akapiga hatua tatu kuelekea kilimani, akarudi akakaa.

Bodaboda huja kwenye mtambo kutoka ng'ambo ya bonde, ambako kuna barabara. Upande wetu ni kichwa na miguu tu. Nikamtafutia moja, imzungushe hadi Iyula. Nilipokuwa namsaidia kupanda, maneno yakanitoka yote kwa pamoja.

"Kaka, hili halihesabiki. Mimi ndiye niliyekosea njia. Ungepita mgongoni ungefika, ungerudi, ungebaki na nguvu za kucheza ngoma. Tupumzike mwezi mmoja, tujaribu ile ya baba."

Alikuwa akiwatazama wale akina mama wakishuka na madebe.

"Ile ya baba ni ya kuvulia," akasema. "Kahawa haipiti mgongoni, mdogo wangu. Inapita hapa. Ningehamia shamba, msimu wote njia yangu ingekuwa hii, na debe kichwani."

Nikamvua begi mgongoni. Dereva akapiga kiki, wakaondoka.

Nilipanda kilima kile peke yangu na mabegi mawili. Siongezi chumvi: nilipumzika mara nyingi kuliko kaka, nikiwa na magoti mazima. Akina mama walinipita, wakanipa pole, wakanipita tena wakirudi kushuka kwa safari ya pili.

Nilipofika shambani niliwakuta kaka na baba mdogo kwenye benchi nje ya nyumba, goti limewekwa juu ya gunia. Baba mdogo alikuwa akieleza miche ipi ni mizee ya kung'olewa, na kaka alikuwa akiuliza maswali mengi, ya kina, kama mtu atakayeamka kesho kuikatia matawi.

"Nimekwishamwambia alichukue," kaka akasema aliponiona.

Nikatua mabegi. Baba mdogo akasogea kunipa nafasi, akaendelea na habari ya miche.