Isale Lililorudishwa

Nilipokuwa mtoto wa kufika kiunoni kwa Bibi, barabara yetu ilikuwa ya vumbi jekundu, na wakati wa masika haikuwa barabara kabisa. Ilipanda kutoka Himo, ikapita Marangu, ikafika kwetu Mwika, kisha ikaendelea kuuzunguka mlima kuelekea Rombo. Bibi aliijua tangu ilipokuwa njia ya wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliolazimishwa na wakoloni kuipanua kwa majembe. Baadaye malori ya ushirika yakaja kuchukua kahawa. Ushirika ulipodhoofika zikaja pikapu za wanunuzi binafsi, nazo zikawa zinakwama matopeni huku wenye mimba wakishushwa hospitali kwa machela.

Kwa hiyo tuliposikia inawekwa lami tulifurahi, Bibi akiwa wa kwanza. Naandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaosema hadi leo kwamba alikuwa mwanamke mkorofi asiyetaka maendeleo.

Wapimaji walikuja msimu wa kuchuma kahawa. Walipigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, wakavuta kamba, na kamba ikapita katikati ya kihamba chetu, shamba la ukoo, juu ya makaburi mawili: la Babu na la mama yangu. Mama alifariki nikiwa sijajua kutembea. Sikuwa na picha yake. Nilichokuwa nacho ni ile nafasi kati ya migomba, iliyozungushiwa masale, mimea ya majani marefu membamba, na Bibi alinifundisha kwamba ukipita hapo unasalimia. Nilisalimia kila asubuhi nikienda shule.

Bibi alimwendea msimamizi wa ujenzi, akamwomba barabara ishuke kidogo, ipite kwenye mibuni. Kahawa ndiyo iliyotuvisha na kutusomesha, lakini alikuwa tayari kuitoa. Msimamizi akamjibu kwamba mstari umeshachorwa, na makaburi yatahamishwa kwa heshima zote.

Msimamizi huyo, Aloyce, alikuwa Mchagga wa Kibosho, na mila alizijua. Kwetu isale si jani tu. Ndilo mpaka wa shamba, ndilo ulinzi wa kaburi, na likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, huwa ni ombi la msamaha lisilokataliwa. Bibi alinionya mara nyingi kwamba anayelikataa isale huiletea nyumba yake kifo. Yeye mwenyewe aliishi hivyo. Jirani aliyewahi kutuchomea banda la mbuzi alipokuja na isale mkononi, Bibi alilipokea huku akilia kwa hasira, na jioni hiyo wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, pamoja.

Basi Jumamosi moja asubuhi Aloyce aliingia uani kwetu akiwa ameshika isale lenye fundo. Nyuma yake walikuja wazee wawili wa jirani, na baba yangu mdogo akiwa amebeba debe la mbege. Baba mdogo alikuwa ameshachagua mahali pa kujenga duka lake kando ya lami.

Bibi alikuwa anamenya ndizi, mimi nikimsaidia. Aloyce alipiga goti, akatoa shikamoo, akalinyoosha lile jani kwa mikono miwili.

Nilipiga hesabu. Akilipokea, watamfukua mama. Akilikataa, atakufa yeye. Kwa vyovyote ningepoteza mtu, na sikuwa na wengi.

Bibi alifuta utomvu mikononi taratibu.

"Umenikosea nini, mwanangu?"

Aloyce alisema anaomba radhi kwa ajili ya makaburi.

"Umeshayachimba?"

"Bado, mama."

"Sasa nikusamehe nini? Isale ni la kosa lililokwisha kutendwa. Hili lako bado liko jikoni."

Baba mdogo akaingilia kati. "Mama, pokea tu. Unataka kutuzika sote?"

"Wewe nyamaza. Aliyelala pale ni baba yako, na wewe umebeba pombe ya kumfukulia."

Mzee mmoja alicheka, akakigeuza kicheko chake kuwa kikohozi. Bibi akalichukua lile isale, akalitazama fundo lake, akalirudisha mikononi mwa Aloyce.

"Nenda kachimbe kwanza," alimwambia. "Ukimaliza, njoo nalo, nitalipokea. Lakini utanikuta nimekaa juu ya kaburi, kwa hiyo utaanza na mimi."

Hakuna aliyeionja ile mbege. Waliondoka nayo kama walivyokuja, na baba mdogo hakuaga.

Jumatatu Bibi alibeba kigoda na rozari, akaenda kukaa katikati ya masale. Aliniambia niende shule. Nikakataa, nikakaa miguuni pake. Katapila lilipofika, dereva, kijana wa huku huku mlimani, alizima injini. Alisema mkono wake hautang'oa masale yenye mtu ndani. Aloyce akaondoka kwenda kuzungumza na wakubwa wake. Alichowaambia sikijui. Wiki hiyo hiyo wapimaji walirudi, wakahamishia vigingi kwenye mibuni. Bibi aliitazama kahawa yake ikilala chini, mti baada ya mti.

Sasa nina miaka kumi na tisa. Miguu ya Bibi ilipokataa kutembea niliacha shule, nikiwa kidato cha pili, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Alifariki masika iliyopita. Majirani wanasema isale limejibu. Gari likipinduka kwenye kona yetu, pale barabara ilipokwepa makaburi, ni isale. Hata mimi kukosa shule, wanasema ni isale. Mwezi uliopita baba mdogo alitoka dukani kwake, duka lililo kwenye kona hiyo hiyo, akaniletea ujumbe wa ukoo: achinjwe mbuzi wa kuondoa laana, nami kama niliyekuwepo siku ile nitamke kwamba Bibi alikosea.

Nilimkaribisha chai, nikamwambia hapana. Akaniuliza mtoto aliyeishia kidato cha pili anajua nini kuhusu mila. Nilimjibu kwamba mila nilifunzwa nyumbani, na mwalimu wangu hakuwa na likizo.

Mimi naliamini isale. Nadhani naliamini kuliko wao, maana wao walilitaka liwe ufunguo wa kufungulia kaburi. Bibi alikuwa mzee, na miguu ya wazee huchoka. Shule yangu ilikatizwa na umaskini, na umaskini haukuanzia kwetu. Huenda wanajua kitu nisichokijua. Kama ni hivyo, kosa liandikwe kwangu, nami nitalibeba nikiwa na akili zangu timamu. Bibi sitamtwisha.