Kopo la Nyongeza

Nalisimulia hili huku nimeinamisha uso, maana mtaani kwetu Nachingwea wapo watu ambao mpaka leo wakiniona wanashika pua.

Nilikuwa kidato cha tatu, miaka ya elfu mbili mwanzoni, mwalimu wa kemia akataka tuigize mahakama ili tujue wapelelezi wanavyochunguza masalia ya moto, na mimi nikajitolea kuleta vielelezo kwa sababu jiko la jirani yetu, Bibi Esha, lilikuwa limeungua wiki hiyo (chanzo hakikujulikana) na majivu yalikuwa ya bure. Mwalimu akanituma sokoni nikanunue makopo mawili mapya yenye mifuniko. Nikanunua moja, la pili nikamng'ang'ania muuzaji anipe nyongeza mpaka akachoka, akaliokota uvunguni mwa meza: "Chukua, uniondokee!" Pesa iliyobaki nikaila maandazi. Makopo nikayahesabu mara mbili, yakawa mawili. Kunusa, sikunusa hata mara moja.

Siku ya kesi wazazi walialikwa. Bibi Esha akakaa mbele pamoja na mkwe wake, Mwanaidi, ambaye ndiye aliyepika mara ya mwisho kwenye lile jiko. Nikafungua kopo la kwanza, udongo safi wa uani, wa kulinganishia: halinuki kitu. Nikafungua la pili, lenye vipande vya nguzo iliyoungua, na harufu ya mafuta ya taa ikajaa darasa zima.

"Mheshimiwa hakimu," nikasema kwa sauti nzito isiyo yangu, "moto huu uliwashwa makusudi!"

Makofi. Kisha Bibi Esha akasimama. "Si nilisema mimi? Mwanaidi, umenichomea jiko! Leo hii unarudi kwenu Malolo!"

"Mama, wallahi sikumwaga mafuta."

Nikapitisha kidole ndani ya mfuniko, kikateleza. Nikaelewa kila kitu, na nikanyamaza (makofi yalikuwa bado yananipendeza, Mungu anisamehe), nikamwangalia Mwanaidi akimfunga mtoto mgongoni na kuelekea mlangoni, hadi mwalimu alipolichukua lile kopo akalinusa kitako.

"Haya makopo umeyatoa wapi?"

"Moja nimenunua, mwalimu."

"Na hili?"

"Nyongeza. Nadhani lilikuwa la kupimia mafuta ya taa."

Watu wakacheka mpaka madawati yakalia. Bibi Esha akakaa chini, kanga usoni. Mwanaidi hakucheka. Aligeuka pale mlangoni akaniuliza, taratibu kabisa, "Mdogo wangu, ulijua, ukaniacha nifike hapa?"

Nikalifunika lile kopo, kana kwamba harufu bado ilikuwa ndani.

Siku hizi anauza karanga sokoni, na ni yeye peke yake ambaye sipatani naye bei wala simwombi nyongeza. Hunipa mwenyewe, kiganja kimoja juu ya kipimo, nami napokea kwa mikono miwili.

"Nusa kwanza," ananiambia.

Nami nanusa, mbele za watu, kila mara.