Honi ya Tatu

Mume wangu Saulo anaupanda mlima wa Kiwira na baiskeli tangu kabla hajanioa, na hajawahi kuupanda kwa starehe. Anachukua ndizi bondeni, anafunga mikungu mpaka baiskeli haionekani, anakokota hadi soko la Isongole, kule juu kwenye baridi. Asubuhi akitoka kwenye ukungu huoni mtu, unaona kichaka cha ndizi kinachokohoa. Wageni wanaokuja kutazama Ziwa Ngozi humpiga picha. Ziwa lenyewe hajawahi kuliona, ingawa anapita mwanzo wa njia yake kila siku. Apande tena na mapafu ya nani?

Juu kidogo ya nyumba yetu kuna Kona ya Mianzi. Msitu umebana barabara pande zote mbili na lami inapanda vibaya. Pale hakuna anayekokota peke yake. Malori hupita taratibu, na dereva anayekujua anapiga honi mbili, maana yake shika. Unashika mnyororo wa nyuma kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye usukani, lori linakuvuta. Ukishakaa sawa, dereva anapiga honi fupi ya tatu, ujue kwamba amekuona na hatakanyaga breki ghafla. Ukifika sokoni unampelekea chane moja ya ndizi. Hakuna aliyeandika sheria hizo na hakuna asiyezijua. Ni hatari, ndiyo, na tumezika watu. Anayetulaumu atuletee kwanza barabara tambarare.

Dereva wa Saulo ni Isaka, Msafwa wa Soweto, Mbeya mjini. Mtu mwema, mcheshi, mdomo haufungi. Kwa miaka mingi amemvuta mume wangu kwenye kona ile, na kwa miaka mingi amekula ndizi zetu.

Mwaka jana klabu moja ya baiskeli ya Iringa ilitangaza mbio kutoka Ziwa Masoko hadi Isongole. Yeyote aje na baiskeli yoyote. Mshindi angechukuliwa kwenye timu, apewe mshahara na chumba Mlandege, kule Iringa mjini. Mganga wa zahanati alikuwa ameshamwambia Saulo kwamba kifua kile kikiendelea na mizigo na ukungu, hakitamfikisha mbali. Kwa hiyo wengine walikwenda kushindania fulana. Sisi tulikwenda kushindania kifua.

Nami niliamini, mjinga mimi. Nilimgawia jirani yangu Sekela kuku wangu wote, maana kuku hawapandi basi. Niliaga kwaya. Nilifunga masufuria kwenye kiroba.

Saulo aliifungua keria, akaitia baiskeli mafuta, akaishangaa ilivyo nyepesi. Siku ya mbio nilisimama mlangoni na mwanetu Ombeni. Barabara haikufungwa, malori yaliambiwa tu yapite upande wao. Kwanza ilipita pikipiki ya wasimamizi, ikakata kona. Halafu akatokea Saulo, peke yake. Hakuwa amesimama kwenye pedali kama vijana. Amekaa, mgongo umeinama kidogo, magoti yanakwenda bila papara, kama anavyokwenda siku zote, ila sasa hana mzigo nyuma. Nilitazama chini mpaka mlima unapopinda. Hapakuwa na baiskeli nyingine. Alipofika usawa wetu alitabasamu. Nilikuwa sijaliona tabasamu lile tangu harusi, na sijaliona tena.

Akaingia kwenye mianzi. Nyuma yake likaja lori la Isaka, limejaa mbao, linanguruma. Nalo likaingia kwenye mianzi.

Nikasikia honi mbili.

Nilijiambia, hawezi. Wamesomewa masharti kule Masoko, na sharti la kwanza ni kutoshika gari. Mtu mzima hawezi kusahau jambo kama hilo.

Ikalia ya tatu.

Mazoea yana taabu, wanasema wazee. Saulo aliniambia baadaye kwamba hakuamua. Mkono ulisikia honi ukaenda wenyewe, na alipouona umeshika mnyororo aliuachia kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Hata kalavati la pale mwanzo wa kona hakuwa amelifikia. Namwamini. Kijana wa pili, Jofrey wa Nyololo, alipita mlangoni kwetu baada ya muda mrefu, ulimi nje. Saulo angeweza kushuka akakojoa msituni, na bado angemshinda.

Nilipanda bodaboda nikamkuta Isongole amevishwa maua, mwenyekiti wa klabu, Bi Frida, amemshika mkono. Hakuna aliyeona. Nami nilinyamaza, na ningenyamaza mpaka kaburini, Mungu anisamehe au asinisamehe.

Ndipo Isaka akaja kutoka sokoni, anapasua watu, uso unang'aa.

"Ndugu yangu huyo!" alisema. "Nimemvuta mimi pale kona. Saulo, leo chane moja haitoshi."

Watu wa kwetu wakacheka, maana kwetu hiyo ni sifa. Watu wa Iringa hawakucheka. Bi Frida aliuachia ule mkono.

"Kaka Saulo," aliuliza taratibu, "ulishika lori?"

Angesema hapana. Dereva mmoja mropokaji dhidi ya mshindi mwenye maua shingoni, nani angesikilizwa? Nilimkazia macho aseme hapana. Yeye alimtazama Isaka, akaona ameanza kuelewa, meno yanarudi ndani taratibu.

"Nilishika," Saulo akasema.

Maua alivishwa Jofrey.

Jumapili Isaka alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti. "Shemeji," aliniambia, "mimi nilijua namsaidia." Nilimwekea chai. Nilitamani kummwagia. Saulo alitoka nyuma, akarudi na chane mbili, zile nzuri kabisa.

"Za siku ile," alisema.

"Baba Ombeni," nilimwambia, "huyu unamlipa kwa lipi?"

"Alinivuta, Mama Ombeni. Hakujua."

Isaka alizipokea kwa mikono miwili huku analia, akaenda nazo. Wanaume wakisameheana wanaona mambo yamekwisha. Mimi sikuulizwa.

Jofrey yuko Mlandege, anatuma picha kwenye simu, amevaa jezi. Sina ugomvi naye. Kuku wangu wanataga kwa Sekela, nawasikia wakijisifu ng'ambo ya ua, na sina uso wa kuwadai. Masufuria niliyafungua moja moja, kadiri nilivyoyahitaji. Saulo amerudisha keria. Anakohoa zaidi, na kitambaa anachokoholea siku hizi anakifua mwenyewe, anadhani sijui kwa nini.

Kila asubuhi nikiwa jikoni lori linanguruma kuelekea kwenye mianzi, na honi mbili zinalia. Naacha kila kitu, nasikiliza. Mwaka jana niliomba isilie ya tatu, ikalia. Sasa naomba ilie, maana siku isipolia nitajua mkono wake haukufika kwenye mnyororo.